Daktari wa Watoto Aliyeulizia Josho la Ng'ombe

Mvua zinapoelekea kukoma, majani huwa marefu na kupe huwa wengi. Kila mfugaji wa Singida analijua hilo. Ng'ombe hujikuna kwenye miti. Mbuzi hutikisa masikio. Watu nao hutafuta dawa.

Nyumbani kwa Mzee Mughwai, mwendo mfupi kutoka Mtinko, asubuhi ilikuwa na kazi zake. Klara, mke wake, alikuwa akikamua. Felista, mke wa mtoto wao, alikuwa akikoroga uji wa uwele. Leonidas, mume wa Felista, alikuwa akifungua zizi. Joyce, binti wa Felista na Leonidas, alikuwa na umri wa miaka mitatu. Alimfuata bibi yake akiwa na kikombe mkononi.

"Bibi, maziwa."

"Ngoja yachemke. Wewe ni ndama?"

"Mimi ndama," Joyce akajibu.

Wote wakacheka, hata Mzee Mughwai ambaye hakuwa mtu wa kucheka asubuhi.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Leonidas alikwenda kununua dawa ya kuogeshea mifugo, ile inayoua kupe. Walikuwa na ng'ombe wachache na mbuzi. Chupa nzima ya kiwandani ilikuwa kubwa mno kwao. Basi Leonidas alifanya kama walivyofanya majirani wote. Alibeba chupa tupu ya soda.

Muuza dawa aliitwa Mselemu. Watu walimwita Baba Anifa. Walipanga mstari mbele ya meza yake, kila mmoja na chupa yake. Mselemu alifungua dumu kubwa na kuwapimia kwa kifuniko.

"Baba Anifa, nijazie vizuri," Leonidas akamtania. "Kupe wa mwaka huu wana meno."

"Kupe wako wana meno kwa sababu ng'ombe wako wamenenepa. Mshukuru Mungu, bwana. Kuna watu hapa kupe wao wanakonda."

Jioni Leonidas alichanganya dawa na maji kwenye ndoo. Dawa hii ina tabia moja. Ikiingia kwenye maji, hubadilika na kuwa nyeupe kama maziwa. Aliwanyunyizia ng'ombe kwa bomba la mkono. Giza likaingia kabla hajawafikia mbuzi. Hakutaka kumwaga dawa iliyobaki. Akaimimina ndani ya chupa ileile ya soda, akaiweka jikoni, kwenye kichanja, karibu na vibuyu vya maziwa. Aliona pale pana usalama, kwa sababu mbuzi hawafiki.

Mbuzi hawakufika. Joyce alifika.

Ilikuwa asubuhi ya pili. Felista alikuwa kisimani. Klara alikuwa uani akipepeta alizeti. Alisikia kikombe kikianguka jikoni. Alipoingia, alimkuta mjukuu wake amesimama juu ya kigoda. Mdomo wake ulikuwa mweupe, na jiko zima lilinuka dawa.

"Felista! Leonidas! Mtoto kanywa dawa ya kupe!"

Felista alitua ndoo njiani akakimbia. Alipofika, Klara alikuwa tayari ameshika kibuyu.

"Mnyweshe maziwa," Klara akasema. "Maziwa yanaua sumu. Ndivyo tulivyolelewa."

Wakamnywesha. Joyce akatapika na kukohoa sana. Kisha akaanza kusinzia. Felista alimwita jina, lakini macho yake yalikuwa mazito. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Felista hakungoja tena. Akamfunga kifuani kwa kitenge. Leonidas akaita bodaboda, akachukua na ile chupa. Wakaenda moja kwa moja mjini Singida, kwenye hospitali ya watoto.

Daktari aliyewapokea aliitwa Loyce. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Alimlaza Joyce ubavu, akasikiliza moyo wake.

"Amekunywa nini?"

"Dawa ya kupe, daktari," Felista akasema.

"Inaitwaje?"

Felista akamtazama Leonidas. Leonidas akatoa chupa. Daktari Loyce akaigeuza. Lebo yake ilikuwa na picha ya chungwa.

"Hapa pameandikwa soda," daktari akasema.

"Jina la dawa silijui. Nilipimiwa mnadani."

"Mpigie simu aliyekupimia."

Leonidas alipiga. Simu haikupatikana. Mselemu alikuwa ameshakwenda mnada mwingine, mahali pasipo na mtandao.

Daktari Loyce hakumkaripia. Alisema tu, "Dawa za kupe ni za aina nyingi. Moja humtia mtoto degedege. Nyingine humlaza na kuupunguza mwendo wa moyo. Kila moja na matibabu yake. Lebo ya kweli ingetusaidia. Sasa itabidi mwili wa mtoto wenyewe utuambie."

Wakamvua Joyce nguo zilizolowa dawa. Wakamsafisha kwa maji na sabuni, wakamfunika blanketi. Wakamwekea hewa ya kumsaidia kupumua na dripu mkononi. Muuguzi alikaa karibu akitazama moyo wa mtoto kwenye mashine. Felista alishika mguu mdogo wa Joyce, akaomba Mungu kimyakimya.

Mchana Klara na Mzee Mughwai wakafika. Klara alimtazama mjukuu wake na zile nyaya. Kisha akamgeukia Felista.

"Jiko ni la nani?"

"Ni langu, mama."

"Basi sina la kuuliza zaidi. Mtoto huyu Mungu akimponya, harudi mikononi mwako. Akipata nguvu, shangazi yake Winfrida atakuja kumchukua, akamlee kwake, kule Mkiwa. Asiyejua kuchunga chupa atachungaje mtoto?"

Felista alimtazama mumewe. Leonidas alitazama sakafu. Felista akamtazama baba mkwe wake.

"Mama yenu amesema," Mzee Mughwai akasema. Katika nyumba ile, neno hilo lilifunga mjadala.

Daktari Loyce alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote. Hakuingilia, kwa sababu mgonjwa alikuwa bado mgonjwa.

Kesho yake Joyce alifumbua macho, akaomba uji. Siku iliyofuata alikaa mwenyewe kitandani na kumuuliza muuguzi kama ana mbuzi. Hapo daktari akawaita wazazi na wakwe kwenye chumba chake.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto amepona. Lakini kabla hamjaondoka, naomba tuzungumze. Bibi, wewe ulimpa maziwa."

Klara akainua kichwa. "Niliokoa maisha yake."

"Ulifanya ulivyofundishwa, na wengi hufundishwa hivyo. Lakini maziwa hayaui sumu hii. Humfanya mtoto atapike. Akitapika, dawa inaweza kuingia kwenye mapafu. Siku nyingine, usimpe maziwa, wala mafuta, wala usimtapishe kwa kidole. Mvue nguo zenye dawa. Msafishe kwa maji na sabuni. Mlaze ubavu. Mlete haraka, na chupa ya dawa ije pamoja naye. Hayo tu."

Klara akamwonyesha Felista kwa kidevu. "Na kama mama yake angechunga chupa, yote hayo yasingekuwapo."

"Bibi, mwaka huu Joyce ni mtoto wa kumi na moja kuletwa hapa kwa ajili ya dawa ya mifugo iliyowekwa kwenye chupa ya kinywaji. Wengine wanatoka Mtinko, wengine Issuna, wengine mbali zaidi. Wawili hawakurudi nyumbani. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na mama anayelaumiwa. Mimi nikajiuliza. Kina mama hawa hawajuani. Wamewezaje kufanya uzembe wa namna moja, kwa chupa za namna moja?"

Daktari akamgeukia Mzee Mughwai.

"Kisima kikiwa na shimo wazi, na kila mwezi anatumbukia mtoto mmoja, mtawapiga kina mama, au mtafunika shimo?"

"Tutafunika," Mzee Mughwai akasema.

"Ndiyo kazi yetu ya pili hapa hospitalini. Ya kwanza ni kutibu. Ya pili ni kufunika shimo. Kila mwezi tunakaa na kuulizana watoto wameugua nini, wametoka wapi, na ni utaratibu gani ukibadilishwa wasingeletwa. Kisha tunakwenda kwa wanaopanga utaratibu. Watoto hawapigi kura, mzee. Hawahudhurii vikao. Lazima mtu mzima aende akaseme kwa niaba yao."

"Umekwenda?"

Daktari Loyce akatabasamu. "Nimekwenda. Watu wa afya waliniambia, dawa ya kupe ni ya mifugo, nenda kwa watu wa mifugo. Watu wa mifugo wakaniambia, mtoto ni wa afya, rudi kwa watu wa afya. Nimetembea katikati yao kama mpira wa shule. Sasa nimewaomba wote wawili tukutane kijijini, mahali chupa zinapokaa. Ningependa kuanza na kijiji chenu. Lakini niambieni kwanza. Zamani mifugo mliiogesha wapi?"

"Joshoni," akasema Mzee Mughwai. "Tulikuwa na josho la saruji. Ng'ombe wanaingia upande huu, wanaogelea kwenye dawa, wanatokea upande ule."

"Na dawa ilikaa wapi?"

"Kwenye stoo ya josho. Mwenye funguo alikuwa mmoja."

"Hakuna aliyepeleka dawa nyumbani?"

"Aipeleke ya nini?"

"Sasa kwa nini leo inalala jikoni?"

Mzee Mughwai alivuta pumzi. "Josho lilipasuka. Lakini kabla ya kupasuka, tulishagombana. Kila mtu alitaka ng'ombe wake watangulie. Wa mwisho huoga tope. Basi kila mtu akasema, nitaogesha kwangu."

"Nitakuja kuliona hilo josho."

Mzee akaangua kicheko mpaka muuguzi akachungulia. "Tobaa! Daktari wa watoto anaulizia josho la ng'ombe!"

"Ukiona moshi jikoni, mzee, unautafuta moto. Mimi nimeufuata moshi, umenifikisha kwa ng'ombe wako."

Walipokuwa wakitoka, Felista alibaki nyuma.

"Daktari, hayo yote ni mazuri. Lakini mwanangu watamchukua."

"Mama Joyce, siwezi kumwamuru mama mkwe wako. Ila siku ya mkutano, naomba uwepo. Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, kaa tu. Watu wakikuona na Joyce, watajua tunamzungumzia nani."

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji, kwenye madawati yaliyoazimwa shuleni. Mwenyekiti wa kijiji, Calist, aliongoza. Daktari Loyce alikuja na Shamte, afisa mifugo. Mselemu naye alialikwa. Alikaa pembeni na kofia yake magotini, kama mtu anayengoja hukumu.

Daktari alieleza habari za wale watoto. Hakutaja jina la mtoto wala la kijiji. Watu walisikiliza. Alipoketi, mzee mmoja akasimama.

"Tumeelewa. Suluhisho ni rahisi. Tutunge sheria ndogo. Mama yeyote ambaye mtoto wake atakunywa dawa ya mifugo, atozwe faini ya mbuzi. Uzembe utaisha."

Watu wakapiga makofi. Klara alipiga kuliko wote.

"Wengine?" Calist akauliza.

Felista alikuwa amekaa nyuma, Joyce amelala mapajani. Mkutanoni hakuwahi kusema hata neno moja tangu aolewe. Alimpa jirani yake mtoto, akasimama.

"Mwenyekiti, naomba kumuuliza swali Baba Anifa."

"Muulize."

"Baba Anifa, mnada uliopita uliwapimia watu wengi dawa?"

"Wengi, Mama Joyce. Wengine wako hapa. Wengi sana wako hapa."

Watu wakacheka kidogo.

"Walikuja na chupa za nini?"

Mselemu akajikuna shingo. "Niseme ukweli? Za soda. Za maji. Za juisi. Mzee uliyesema faini, wewe ulileta chupa ya maziwa ya mtindi."

Kicheko kikalipuka. Mzee wa faini akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Kuna aliyekuja na chupa isiyo ya kinywaji?" Felista akauliza.

"Chupa isiyo ya kinywaji ataitoa wapi, dada yangu?"

"Basi faini hiyo ya mbuzi itatozwa kila nyumba," Felista akasema. "Kwa sababu chupa hizo ziko kila nyumba, leo, saa hii. Tofauti yangu na kina mama wengine hapa ni moja. Mtoto wangu alipanda kigoda. Wenu bado."

Aliketi. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mama mmoja aliondoka polepole kwenye dawati lake, kisha akatembea haraka kuelekea nyumbani kwake. Wengine wawili wakamfuata.

Leonidas akasimama. "Mwenyekiti, mimi ni mume wake. Chupa niliileta mimi. Kwenye kichanja niliiweka mimi. Nyumbani nilinyamaza wakati mke wangu akilaumiwa. Kama kuna faini, niandikeni mimi kwanza."

Klara alimtazama mwanawe kwa muda mrefu.

Daktari Loyce akasimama tena. "Ndugu zangu, nawaomba msiiweke faini kwa mama. Mama akiogopa faini, atamficha mtoto ndani. Atasema ni malaria. Atachelewa. Wale wawili tuliowapoteza waliletwa wakiwa wamechelewa, na sababu ilikuwa hofu. Sheria nzuri ni ile inayomfanya mama akimbilie hospitali, siyo inayomfanya ajifiche. Sheria iifuate dawa. Iseme dawa inauzwaje, na inakaa wapi."

"Sawa," akasema Mselemu, naye akasimama. "Mimi niko tayari nisipimie mtu. Lakini nisikilizeni na mimi. Wateja wangu ni watu wa mbuzi watano. Ukimwambia anunue chupa kubwa ya kiwandani, hatanunua. Atakwenda kupimiwa kichakani na mtu asiyejua hata jina la dawa. Mimi nitafunga biashara, na watoto wataendelea kunywa."

"Hapo umesema," watu wakaitikia.

Calist akamgeukia daktari. "Unamjibu nini?"

"Namjibu kwamba amesema kweli. Hospitalini hatukuliona hilo. Ndiyo maana tumekuja kwenu, badala ya kuandika sheria tukiwa mjini. Afisa mifugo, hapo tufanyeje?"

Shamte alikuwa kijana mwembamba mwenye buti zenye tope. "Mtu wa mbuzi watano hana haja ya chupa kubwa, na hana haja ya kupimiwa," alisema. "Anahitaji josho. Joshoni dawa inachanganywa kwa kipimo sahihi. Haikai nyumbani kwa mtu. Nimelikagua lenu. Kuta zimepasuka, lakini msingi ni mzima. Halmashauri inaweza kuleta fundi na saruji, mkikubali kuleta mawe, mchanga na nguvu zenu. Anayetaka kuogesha kwake, Baba Anifa amwagizie vichupa vidogo vya kiwandani. Vipo. Vina lebo, na vifuniko vyake mtoto hawezi kuvifungua."

"Na nani ataingiza ng'ombe wake kwanza?" sauti ikauliza kutoka nyuma. "Maana ugomvi ulianzia hapo."

Kelele zikaanza. Kila mtu alikuwa na ukoo wake wa kutanguliza. Calist aligonga meza bila mafanikio. Hapo Mzee Mughwai akainuka. Alikuwa mtu wa heshima, na ng'ombe wake ndio zamani waliotangulia kila mara. Watu wakanyamaza, wakidhani atadai nafasi yake.

"Iwe kwa zamu," akasema. "Kitongoji kitakachotangulia wiki hii, wiki ijayo kiwe cha mwisho. Mimi nitaanza kuwa wa mwisho. Ng'ombe wangu hawatakufa kwa tope."

"Mzee Mughwai wa mwisho?" mtu akasema. "Leo nimeona!"

"Umeona. Sasa kaa chini."

Siku hiyo mkutano ulikubaliana. Hakuna kuuza wala kununua dawa ya mifugo kwenye chupa ya kinywaji. Dawa iuzwe ikiwa imefungwa kiwandani, yenye lebo. Dawa ya josho ikae kwenye stoo ya josho chini ya kufuli. Na mama au baba anayempeleka mtoto hospitali asidaiwe faini na mtu yeyote. Chupa zote zilizokuwa majumbani zilipelekwa kwa Shamte. Yeye alizipeleka zikateketezwe kwa utaratibu wake, mbali na visima.

Msomaji, usidhani mambo yaliishia hapo. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iikubali. Daktari Loyce alikwenda wilayani. Safari hii hakwenda peke yake. Alikwenda na Calist, Shamte, Mselemu na Felista. Watu wa afya na watu wa mifugo waliketi chumba kimoja. Hakuna aliyeweza kumtuma daktari kwa mwenzake, kwa sababu mwenzake alikuwa amekaa mbele yake. Felista alisema maneno machache kuhusu mikono ya baridi ya mtoto wake. Mselemu alieleza biashara yake. Sheria ya kijiji ikakubaliwa. Madiwani wakasema watatafuta maoni ya vijiji vingine, ili siku moja iwepo sheria ya wilaya nzima. Kazi hiyo bado inaendelea. Ni kazi ya polepole, lakini inakwenda.

Wakati huo kijijini watu walibeba mawe. Vijana walichota mchanga mtoni. Fundi alipofika, alikuta kila kitu kiko tayari. Alizeti ilipokwisha kuvunwa, josho lilikuwa limekamilika.

Siku ya kwanza ya kuogesha, kijiji kizima kilikuja. Ng'ombe walisukumana kwenye njia nyembamba, wakatumbukia, wakaogelea wakiwa wametoa pua tu, wakatokea upande wa pili wakijitikisa. Daktari Loyce alikuja pia. Alisimama mbali kidogo, kwa sababu ng'ombe mmoja alishamrushia matope.

"Daktari," Mselemu akamwita, "ukichoka na watoto, njoo nikuajiri."

"Baba Anifa, mwezi huu hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka huku kwa ajili ya dawa ya kupe. Ukiendelea hivi, kweli nitatafuta kazi kwako."

Wakati ule Winfrida, shangazi wa Joyce, aliwasili kutoka Mkiwa. Alikuwa na mfuko mtupu wa kuwekea nguo za mtoto. Alitoa salamu, akaitikiwa. Akamsogelea Klara.

"Shikamoo mama. Nimekuja kama ulivyoniagiza. Mtoto amepata nguvu?"

Felista alikuwa karibu. Alikuwa amemshika Joyce mkono. Alisikia kila neno, akamvuta mtoto karibu.

Klara aligeuka. Alimtazama Felista. Watu wa kijiji walikuwa wakimsalimia Felista wakipita, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amesimama akimngoja ili amuulize jambo.

"Amepata nguvu," Klara akasema. "Lakini mimi nilisema kabla sijaelewa. Nilimnywesha maziwa mjukuu wangu nikidhani namwokoa, wala hakuna aliyenihukumu kwa hilo. Huyu mama yake ndiye aliyemkimbiza hospitali. Ndiye aliyesimama mbele ya watu. Mtoto ana mama yake, Winfrida."

"Sasa mimi nimekuja bure?"

"Hujaja bure. Baba yako leo ni wa mwisho kwenye zamu, na mbuzi wake wanatawanyika. Weka mfuko chini, kamsaidie."

Winfrida akacheka, akakunja sketi yake, akawakimbilia mbuzi. Klara akanyoosha mkono. Lakini hakumchukua Joyce. Alimshika Felista.

"Twende nyumbani," akasema. "Tukaangalie jiko letu."